Picha Saba za Korongoni

Kila fundi ana wazimu wake, na wazimu wa huyu mpiga picha ulikuwa mawe. Dukani alipiga picha za vitambulisho kwa ajili ya kuganga njaa tu: mteja aketi, afumbue macho, aende zake. Lakini kwa mawe alikuwa na subira ya ajabu. Angeweza kukaa ukingoni mwa korongo, kule jangwani, tangu alfajiri hadi jua la utosi, akiutazama ukuta mmoja wa mwamba ukitoka kijivu, ukaingia wekundu, ukawa rangi ya asali, kisha ukafifia ukawa jiwe tu kama mawe mengine. Mkewe alikuwa akisema kwamba kama yeye angetazamwa hivyo walau siku moja kwa mwaka, asingekuwa na la kulalamika.

Mawe yana ila moja: pichani hayana ukubwa. Mwamba mrefu kama ghorofa kumi na kokoto la kurushia ndege huonekana sawa, mpaka umsimamishe mtu kando yake. Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, mwembamba, mrefu, mpole kupita kiasi, tena hodari wa kusimama bila kutikisika. Mtaa mzima ulimwita Rula. Kwa miaka kumi na moja alisimama chini ya miamba, na kila kalenda iliyotoka dukani pale ilikuwa naye, kadogo kama sisimizi. Ujira wake ulikuwa chai na utani. "Shemeji," alikuwa akisema, "siku nikinenepa, biashara yako imekufa."

Sasa Rula alikuwa na miezi mitano kaburini. Kilichomuua kilijulikana: mvua ilinyesha mbali milimani, jangwani hapakuwa na hata wingu, na maji yakashuka korongoni kwa kasi, yakamkuta chini. Kwa nini alikuwa bado chini, hilo watu walilijua kwa kinywa cha mpiga picha peke yake. Siku ile, mbele ya mama mkwe, alisema maneno matatu: "Nilimwambia apande. Hakunisikia."

Ulikuwa uongo wa mtu aliyechanganyikiwa, na kwa saa ile ningeweza kumsamehe. Shida ni kwamba kesho yake hakuusahihisha, wala kesho kutwa, na uongo ukilala siku tatu nyumbani kwa watu hutandikiwa mkeka. Mama mkwe akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamlilia mwanawe kwa uchungu uliochanganyika na hasira. Picha ya marehemu aliigeuzia ukutani. Mke naye akaacha kumtaja mdogo wake kwa wema.

Jumapili moja binti yao alichelewa kurudi nyumbani, akakuta mama yake anamngoja mezani.

"Endelea na kiburi chako," mama akamwambia. "Mjomba wako naye alikuwa haambiliki, na unajua alikoishia."

Binti akainamisha kichwa. Mpiga picha akaisukuma sahani yake kando. Rula, mtu aliyekubali kuchomwa na jua saa nzima kwa sababu tu ameombwa, ndiye sasa amekuwa mfano wa ukaidi wa ukoo mzima, na maiti hana mdomo wa kujitetea. Aliona aibu, aibu ile inayomfanya mtu achukie hata kivuli chake.

Asubuhi yake, mkewe alipokuwa akifagia dukani, mpiga picha alifungua mtoto wa meza na kutoa kadi ya kamera ambayo aliwaambia watu kuwa ilichukuliwa na maji. Ilikuwa na picha saba. Akazisafisha zote. Alijua kwamba zikitoka nje huenda ndoa ya miaka ishirini na sita ikatoka nazo. Basi akazichanganya kama karata, akaziweka kwenye meza ya nyuma, pale mkewe anapokatia picha za wateja.

"Ni za siku ile," akasema.

Ungemuuliza kwa nini alizichanganya, angekujibu kuwa mikono ilikuwa ikimtetemeka. Si kweli. Alikuwa mwoga.

Mke akavuta kiti. Alifanya alichokifanya miaka yote kila kalenda ikiandaliwa: akazipanga kwa kufuata kivuli. Asubuhi jua likipanda, kivuli hushuka ukutani mwa korongo taratibu, na mwanga huja nyuma yake. Picha ambayo mwanga uko juu kabisa ndiyo ya kwanza. Ambayo umekaribia chini ndiyo ya mwisho. Hakuhitaji saa. Vidole vyake vilifanya kazi haraka, kisha vikaanza kusitasita.

Katika nne za mwanzo mdogo wake alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Katika ya tano alikuwa amegeuza shingo, anatazama upande wa juu wa korongo, maji yanakotokea. Katika ya sita amenyoosha mkono kuelekea kulekule, na uso ameurudisha kwenye kamera. Katika ya saba mkono ameushusha. Amesimama wima tena, mahali palepale, na mwanga uko shibiri moja juu ya kichwa chake.

"Kutoka hii ya kwanza mpaka hii ni muda gani?" mke akauliza.

"Kama dakika arobaini."

"Na hapa anaponyoosha mkono, alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa amesikia mngurumo. Aliniuliza kama apande."

"Ukamjibu nini?"

 Mpiga picha akainua kiganja, akakishusha polepole hewani, kama alivyofanya siku ile: tulia hapohapo. "Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, mama watoto. Kidogo tu umfikie kichwani."

Mke aliitazama ile ya saba mpaka mumewe akatamani atukanwe.

"Kumbe alikusikia," akasema. "Alikusikia mpaka mwisho."

Hakulia. Alivua aproni, akaitundika. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa mama. Mimi sitasema neno. Utazipanga mwenyewe mbele yake, moja baada ya nyingine, na hicho kiganja utamwonyesha."

"Na mimi na wewe?"

"Mimi na wewe sijui. Kwanza mdogo wangu arudishiwe heshima yake."

Akafunga duka kwa mkono wake, akatangulia. Njia nzima alitembea hatua kumi mbele, na mpiga picha, picha saba zikiwa kwapani, hakuthubutu kumwambia amsubiri.