Kumpeleka Kaka Loserian Kliniki ya Saratani

Niliondoka Olmotonyi kwa sababu daktari wa mjini Arusha aliniita mimi, si kaka yangu Loserian, ingawa kifua kilikuwa cha Loserian. Alifunga mlango, akainua eksirei kwenye mwanga. Upande mmoja wa kifua ulikuwa mweupe, kama umemwagiwa maziwa. Majibu ya kipande cha nyama walichomkata ubavuni yalikuwa yamerudi kutoka maabara. Haikuwa TB kama majirani walivyosema. Ilikuwa mesotelioma, saratani inayoota kwenye utando unaolizunguka pafu, na kilichomletea ni vumbi la asbesto alilolivuta zamani. Daktari akaandika rufaa twende kliniki ya saratani, upande wa Moshi.

Kwetu habari mbaya hupewa ndugu kwanza, na katika ndugu hupewa aliyesoma. Aliyesoma ni mimi. Stashahada yangu ya ufundi mitambo niliilipia mwenyewe kwa mikono hii. Nilikwenda Durban bila kumjua mtu, nikarudi na kujenga nyumba ya ghorofa inayoonekana tangu barabara kuu. Kwa hiyo ukoo ulipokaa na kuamua kwamba Loserian asiambiwe, maana neno saratani huua kabla ya ugonjwa wenyewe, siri walinikabidhi mimi. Niliipokea bila kusita. Hofu ilinianza nilipowasha gari.

Asubuhi hiyo Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu mpaka mashambani. Kaka alikaa mbele, ameinama, viganja juu ya magoti, kwa sababu akiegemea kiti pumzi hukatika. Tulipita Ngaramtoni. Nilikuwa nikihesabu anavyopumua badala ya kutazama vibao vya barabarani.

"Injinia," akasema tulipofika Sakina, "mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

"Barabara mbaya, kaka."

"Barabara ni lami tupu. Mbaya ni wewe leo."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua kipande kirefu cha safari. Nilishika usukani kwa nguvu. Kila alipokohoa nilisikia lile neno nililokatazwa kulisema, nikaogopa kwamba naye amelisikia.

Usa River tulikatiza safari ili kaka apumzike, tukalala kwa dada yetu Naishiye, anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Alikuwa amechinja jogoo, tena amepika loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando ambayo Loserian huyapenda kuliko nyama. Kaka aliziangalia sahani.

"Siku hizi kila ninapokwenda napikiwa kama bwana harusi," alisema. "Bibi harusi wangu yuko wapi?"

Naishiye alikimbilia jikoni. Nilimkuta akijifuta macho kwa kanga.

"Mwambie," alininong'oneza.

"Ukoo umekataza."

"Ukoo hauko kwenye gari lako. Wewe uliyevuka mipaka yote hiyo, unashindwa kuvuka neno moja?"

Nilichukua sufuria ya loshoro, nikarudi nayo mezani.

Moshi tulifika benchi za kliniki zikiwa zimejaa. Wagonjwa walisalimiana kama watu wa jumuiya moja ya kanisa, na mama mmoja aliyefunga kitambaa kichwani alimsogezea kaka nafasi. "Karibu, baba. Ukiona kichefuchefu baada ya dripu, uniulize mimi. Nimekuwa mwenyeji." Kaka alinitazama. Niliyakwepa macho yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alimuuliza Loserian, "Baba, umeambiwa unaumwa nini?"

"Maji kwenye pafu. Kaniambia Injinia."

Daktari alinitoa nje. "Siwezi kumtibu mtu asiyejua anatibiwa nini," alisema. "Kuna mambo ya kuchagua, na mwenye kuchagua ni yeye. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi ukiwepo?"

Nilisema nitamwambia mwenyewe. Kule Durban nilifanya kazi juu ya minara ambayo upepo wake uliwateremsha wenzangu wakilia, mimi nikabaki juu; hapa nilitamani kuteremka. Tulirudi ndani, nikakaa karibu na kaka, nikasema kwa Kimaasai cha nyumbani, lugha ambayo neno lake la saratani sikulijua. Nikalazimika kusema, "Ni ugonjwa ule uliomchukua mama mkwe wako. Lakini wako uko kwenye kifua."

Alishika ubavu wake kwa kiganja. Kisha akauliza, "Umeingiaje huko?"

"Kwa vumbi la yale mabati ya asbesto."

"Yale tuliyokuwa tukiyakata kwa msumeno? Miaka yote ile?"

"Yale yale."

Alivuta pumzi fupi, ndiyo iliyokuwapo. "Haya. Daktari, niambie mnafanyaje."

Daktari alieleza bila kupamba. Ugonjwa huu kwa kawaida hauponi, lakini unaweza kupunguzwa kasi, na mgonjwa anaweza kusaidiwa aishi vizuri zaidi. Kwanza wangetoa maji kwa mrija, kisha waingize unga maalumu wa kulishikiza pafu kwenye ukuta wa kifua ili maji yasirudi haraka. Kuna kemo, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwa dripu na kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, kama damu na figo zinaruhusu. Mionzi husaidia sehemu yenye maumivu makali. Upasuaji mkubwa ni wa wachache, na ugonjwa wa kaka ulikuwa umekwisha kusambaa. Kuna dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, ila kuzipata huku ni shida. Na kuna mofini ya maji ya kunywa, pamoja na wauguzi wanaomfuata mgonjwa nyumbani.

"Mofini si ya wanaokata roho?" kaka aliuliza.

"Ni ya wenye maumivu, baba. Huhitaji kungoja kukata roho ili usiumie."

Nikaanza kusema kwamba tutakwenda nje, kwamba mimi nina watu Durban. Kaka aliweka mkono juu ya goti langu, nikanyamaza. Alichagua mrija na unga kwanza, halafu kemo ajaribu. "Ikinishinda nitasema. Msinisemee."

Ndipo daktari akauliza, "Mlikuwa mkikata na nani?"

Kaka alininyooshea midomo. "Na huyu. Likizo zake zote. Ada ya chuo aliitoa kwenye msumeno ule."

Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuifikiria hivyo. Tangu nilipowasha gari niliogopa kwa ajili ya kifua chake tu. Nilipigwa eksirei siku hiyo hiyo, nikasubiri kwenye benchi, nikipumua taratibu kusikiliza kama kuna kitu kinachokwaruza. Daktari alipotoka na picha yangu, alimwangalia kaka kwanza.

"Usiniambie mimi," Loserian alisema. "Mwambie mwenye kifua."

Picha haikuonyesha kitu. Lakini daktari hakunipa sherehe. Alisema ugonjwa huu unaweza kujificha miongo, na hakuna dawa ya kuliosha vumbi lililokwisha kuingia. Nisivute sigara. Mabati ya zamani tusiyavunje wala kuyakata tena. Pumzi ikipungua au ubavu ukiuma, nije upesi, na niseme mwenyewe kwamba niliwahi kukata asbesto.

Tulirudi Arusha baada ya kaka kutolewa maji kifuani na kuruhusiwa kutoka wodini. Safari hii aliegemea kiti, akalala kutoka Usa River hadi mjini. Nyumbani aliwaita mkewe na wanawe, akawaambia kila kitu kwa mdomo wake, hata lile neno, kwa Kiswahili. Mkewe alilia. Hakufa mtu kwa kulisikia. Hilo ndilo nililojifunza mimi mwenye stashahada: mgonjwa akifichwa, wanaopumzika ni waliomficha, naye anabaki peke yake na kifua chake.

Jioni nilimsindikiza kwenye kile kilima kifupi cha kwenda zizini. Katikati alisimama kupumzika. Nami nilisimama. Sikuwa nimechoka, nilitaka kusikiliza kifua changu.

"Unasikia nini?" aliniuliza.

"Sisikii kitu, kaka."

"Basi twende," akasema, akatangulia.