Njia ya Manga Siku ya Sabato

Marehemu baba alikuwa akipeleka ndizi soko la Nyaramba kwa njia ya mbali, ya bondeni. Njia fupi ilikuwepo, lakini ilikatiza uani kwa mama mkwe wake, na sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni: mwanaume hajitokezi ovyo mbele ya mama mkwe. Basi anazunguka, mkungu begani, mvua juu yake. Majirani humtania, "Njia si hii hapa?" Naye hujibu, "Ipo. Si yangu." Jioni miguu imevimba, na wa kuikanda ni mimi, lakini hayo tuyaache.

Nilimkumbuka miaka ya tisini ikiisha, nikiwa mlinzi wa kituo cha mitambo ya simu juu ya mlima Manga. Injinia kijana kutoka Nairobi alikuwa akiunganisha kompyuta za Kisii na za Nyamira. Alinieleza tukitafuna miwa. Mashine yake haikimbilii njia fupi tu. Kwanza inaambiwa mzigo wa data una ukubwa gani. Laini zisizo na nafasi inaziondoa. Katika zilizobaki ndipo inachagua fupi, na kuushikia mzigo nafasi kabla haujatoka.

"Kama baba yangu," nikamwambia. Akacheka, ingawa hakumjua.

Laini kubwa ilitoka Kisii moja kwa moja hadi Nyamira. Ikikatika, mzigo upitie Manga. Ya tatu, ya kupitia Nyaramba, ilikuwa nyembamba, ya zamani. Kazi yake ilining'inia kwenye siku moja ya kuwaonyesha wakubwa: akate laini kubwa, mzigo uhame wenyewe. Akachagua Jumamosi.

"Kijana wangu, Jumamosi ni Sabato. Stima ikipotea, jenereta siwashi."

"Kwani mzee, stima nayo inajua Jumamosi?"

Haijui. Ilipotea asubuhi hiyo hiyo. Kule Nyamira alikata laini, mzigo ukahamia Manga, wakubwa wakapiga makofi, halafu betri za kituo changu zikaisha. Mashine ikaitazama laini ya Nyaramba, ikaikataa: haitoshi. Mawasiliano yakakatika.

Injinia alitukuta kanisani huku mlimani, viatu vimejaa tope. Gari lilikuwa limekwama chini. Akaniita nje.

"Wamenipa mpaka saa nane nionyeshe tena. Nikishindwa, sina kazi."

Nikampa ufunguo. Kutoa ufunguo si kazi.

"Ile jenereta inataka watu wawili, mzee. Mmoja azungushe mkono wa kuiwashia, mwingine ashike valvu."

"Najua."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni leo, humtoi?"

"Namtoa. Ng'ombe anaumia."

"Na mimi?"

Nilikaa ngazini. Magoti yalikuwa yananiuma, na swali lile nimechoka nalo mpaka leo. Akachungulia ndani. Mlima wote ulikuwa kwenye mabenchi, mwenye posho mili ya kusaga mahindi, fundi baiskeli, wote. Walimwona. Hakuna aliyeinuka.

Akasikiliza wimbo kidogo, akauweka ufunguo kizingitini, akashuka kwa miguu. Gari alilipita pale kwenye tope bila kuligeukia. Hakurudi tena.