Siku Tulipomng'oa Mama Mkwe

Shangazi yangu anaitwa Mama Miche, na ukimtembelea huondoki mikono mitupu. Utaondoka na mche, utake usitake. Kwake hakuna kopo, ndoo iliyopasuka wala buti la mguu mmoja ambalo halijaoteshwa kitu.

Moto ulipoteketeza mlima na nyumba kumi na moja za mtaa wa juu, yake ilikuwamo. Kitalu kilipona kwa kuwa kiko kando ya kijito. Lakini picha zote za marehemu mumewe ziliungua, hata ile ndogo ya kitambulisho. Alilisema hilo mara moja tu, kisha akauliza nani ana jembe.

Siku ya kupanda miti tulijitokeza wote, na hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu. Mlima ulijaa visiki na majivu. Ila juu kidogo ya nyumba tulikuta ukanda mrefu, upana wa hatua ishirini, umelainishwa vizuri, hauna hata jani. Bwana Misitu alikuwa ameulima kwa greda juma lililotangulia, halafu akaenda zake semina. Tukaona huyu bwana ana roho nzuri, katuandalia shamba. Tukapanda miche mia nne humo, tena kwa kamba ili mistari inyooke, tukapiga na picha. Hakuna aliyejiuliza lolote, hata mimi niliyesoma.

Mvua tuliyoizoea mwezi wa tatu ikaja wa tano, ikanyesha siku nne, ikakata. Miche ikaanza kunyauka, na watu wakachoka kupandisha ndoo. Shangazi akatuita.

"Kila mmoja aupe mche wake jina," alisema. "Jina la mtu ambaye huthubutu kumwacha na kiu."

Mtaa ukaingiwa na wazimu. Fundi viatu aliuita wake Mama Mkwe, akawa anaumwagilia asubuhi na jioni huku ameinamisha kichwa. Kinyozi aliupa wake jina lake mwenyewe. Muuza maandazi na jirani yake hawakusemeshana siku tatu kwa sababu mjomba wa huyu alimzibia jua binti wa yule. Shangazi aliuita wake Mzee, jina alilokuwa akimwita mumewe. Akapeleka kiti pale, na kila alasiri ukimpitia utamkuta anausimulia habari za mtaa, hasa zile zisizomhusu.

Miche yote mia nne ikashika. Tukavimba vichwa.

Ndipo Bwana Misitu aliporudi. Alisimama chini ya mlima, macho yamemtoka pima.

"Nani kapanda miti kwenye kinga moto?"

Akatueleza polepole, kama anayesema na watoto, kwamba ukanda ule uliachwa mtupu makusudi, ili moto ukishuka ukose cha kula. Hali ya hewa imebadilika, alisema, kiangazi kimerefuka, na moto mwingine utakuja mwaka huu huu. Miche ing'olewe kabla ya mwezi kwisha. Mtakaotaka mkaipande bondeni, ila kwa jua hili mingi itakufa.

"Bwana mkubwa," alisema fundi viatu, "unaniambia nimng'oe mama mkwe? Halafu mimi nikaishi wapi?"

"Ni mti!"

"Wewe humjui."

Siku tisa zikapita, hakuna aliyegusa jembe. Kila mtu alikubali ukanda usafishwe, mradi aanze mwenzake. Nyasi kavu zikawa zinalia chini ya miguu. Nami niliwakasirikia wote, huku wangu, Bibi, nikiumwagilia kwa kujificha.

Siku ya kumi Shangazi alipanda mlimani na jembe. Tulimfuata. Tulijua fika kwamba hakuwa na kitu kingine cha mumewe duniani, na nilitamani mtu amzuie. Alipiga magoti, akachimba taratibu kuuzunguka mche, akauinua pamoja na udongo wake, akaufunga kwa kanga.

"Haya," alisema bila kututazama. "Mnangoja tarumbeta?"

Fundi viatu akavua kofia. "Shikamoo, mama," aliuambia mche wake, akauchimba huku anaomba radhi mpaka ukatoka. Kinyozi alijing'oa mwenyewe, akalia kupita wote. Kufikia magharibi ukanda ulikuwa mtupu.

Bondeni nusu ilikufa. Mama Mkwe alistawi, nani angethubutu kumuua? Mzee alikauka siku ya nane.

Mwezi wa tisa moto ukashuka, adhuhuri, na upepo nyuma yake. Tulisimama na matawi mabichi na ndoo zetu. Ulifika kwenye ukanda, ukahangaika pembeni, ukafa. Hakuna paa lililoungua.

Kesho yake nilimkuta Shangazi amesimama katikati ya ule ukanda, pale pale alipokuwa Mzee. Juu yake kulikuwa kweusi, chini yake mapaa ya watu. Nikamshika mkono.

"Miaka thelathini na miwili ya ndoa," alisema, "nikitaka kufagia, namwambia Mzee nipishe, hanyanyuki. Hapa ndipo aliponipisha kwa mara ya kwanza."

Akacheka mpaka akakaa chini, na pale chini akalia.