RAM ya Bati Jekundu na Uso wa Mwanangu

Mwanangu wa kike alifariki miaka ishirini iliyopita. Mwezi uliopita akaanza kuhamahama ndani ya picha yake.

Sijalewa. Ninachokunywa ni dawa za presha tu, na nyingine huwa natema wakigeuka.

Picha ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani ya mjukuu wangu, binti wa huyo marehemu. Mimi ndiye niliyemlea. Namwita mke mwenzangu, naye ananiambia mume mwenyewe yuko wapi.

Kazi yake ni kufufua picha kuukuu za watu. Anafuta mikunjo, anarudisha rangi, anakuza, anaprinti.

Kompyuta yake ilikuwa ya bei poa, basi akaamua kuikimbiza. Yaani aliingia kwenye mipangilio yake akailazimisha ifanye kazi kwa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Ilikimbia kweli, ila akifungua picha tatu kubwa, inaganda.

"Bibi, RAM haitoshi."

RAM ni vile vijiti bapa vinavyochomekwa ndani. Ndipo mashine inaposhikilia kazi iliyo nayo mkononi. Nami nilikuwa na hela ya cherehani niliyouza. Nikamwambia, twende.

Fundi wa kompyuta mtaani kwetu tunamwita Miwani. Akatuwekea mezani mafungu mawili, bei ileile.

Fungu la kwanza, vijiti viwili vipya, pacha, GB nane kila kimoja. Vyembamba, vya kijani, havina mvuto hata kidogo.

Fungu la pili, vijiti vinne vilivyotumika, jumla GB thelathini na mbili. Vimevaa bati jekundu, vizito, vinang'aa. Kimoja lebo yake imebanduliwa.

"Bibi, chukua pacha," Miwani akasema. "Hivi vinne kila kimoja kimetoka kwenye mashine yake. Ukivichanganya kwenye kompyuta inayokimbizwa, vinaweza kukosea bila kukwambia."

"Nane na nane ni ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na hapa?"

"Thelathini na mbili."

"Basi nami nilisoma mpaka darasa la saba, usinipunje mchana kweupe."

Mjukuu wangu akanivuta mkono. "Bibi, hata mimi naona tuchukue vipya."

"Cherehani ilikuwa yako?"

Akauachia mkono wangu.

Miwani akaomba angalau avipime. Kuna programu inayovihoji vijiti, kwa muda wa saa nne hivi. Tumwachie, turudi jioni.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mafundi nawajua mimi. Ukimwachia kitu, unarudi unakabidhiwa binamu yake. Nikavifunga kwenye leso, nikavitia kifuani, tukaondoka.

Siku ya kwanza, raha tupu. Mashine inapaa. Mjukuu wangu kwa furaha akahamishia picha zote kwenye diski mpya, ya mama yake ikiwemo, akafuta za zamani.

Siku ya tatu akaja mjane mmoja kuchukua picha ya mumewe. Akaitazama, akakaa chini.

Kidevu cha marehemu kilikuwa kimeshuka kifuani. Mdomo umebaki peke yake juu, umefumba. Pembeni kuna ufito wa kijani.

"Mmemfanya nini mume wangu?" akauliza taratibu. Taratibu ile iliniuma kuliko matusi.

Mjukuu wangu akakimbilia picha ya mama yake. Hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Ya karatasi ililiwa na unyevu zamani.

Akaifungua.

Macho ya mwanangu yalikuwa chini ya shingo.

Akaifunga, akaifungua tena. Sasa jicho moja limepanda kwenye paji la uso, lingine liko begani. Akafungua mara ya tatu. Uso wote umesogea kushoto, kama mtu anayechungulia aone nani yuko chumbani.

Ilikuwa saa nane mchana, bati la nyumba linalia kwa joto. Mimi si wa kutishika, nimezika watu wengi kuliko meno niliyobaki nayo. Lakini nilijikuta namsalimia.

"Hujambo, mwanangu?"

Mjukuu wangu akaanza kulia. "Bibi, akipotea huyu mimi sina sura ya mama."

Tukaibeba kompyuta mpaka kwa Miwani. Hakunicheka, na hilo nalo liliniuma. Akaviweka vijiti vyangu kwenye kipimo. Skrini ikajaa mistari myekundu.

"Vinaongopa," akasema. "Vikipata joto ndiyo kabisa. Kila ulichohamisha kimepitia humu, kikatoka kimepinda."

Akachomeka pacha wa kijani, akairudisha mashine kwenye kasi yake ya kiwandani. Macho yakaacha kutembea. Lakini uso ulibaki umekatika vipande. Faili lenyewe lilikuwa limeshaharibika.

Mjukuu wangu akauliza kama ndiyo basi.

"Subiri. Faili la picha mara nyingi hubeba kapicha kadogo ndani yake, kama ukucha. Kubwa likifa, kadogo huweza kupona."

Akakachimbua. Kakatokea.

Mwanangu alikuwa mzima, anatabasamu. Na pembeni yake palikuwa na mwanamume amebeba mtoto mchanga.

Miwani akachekelea kazi yake. "Kumbe kubwa lilikatwa. Aliyelikata hakujua kadogo kamebaki kama kalivyopigwa."

Mjukuu wangu hakuitazama skrini tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Bibi, huyu nani?"

Ana paji la uso lilelile la mjukuu wangu. Ningesema nini?

"Baba yako."

"Si ulisema alikimbia kabla sijazaliwa?"

Hakukimbia mtu, wasomaji wangu. Mwanangu alipokufa, niliogopa yule bwana atamchukua mtoto. Nilimfukuza. Alirudi mara tatu, na mara zote tatu nilikaa nyuma ya mlango nikimsikia akipumua. Kisha nikaenda studio, nikalipa akatwe kwenye picha.

Mjukuu wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kapicha kale ni kadogo mno, ukikakuza panabaki ukungu. Kwa hiyo anachora upya nyuso zote mbili, juu ya ukungu huo. Kila alasiri ananiwekea kiti kando yake, nami namwelekeza. Pua iwe pana kidogo. Nyusi zikaribiane.

Nyie mnaonunua RAM kwa hela ndogo, chukueni pacha, na ziacheni zipimwe mpaka mwisho kabla hamjazikabidhi kitu kisicho na nakala ya pili. Na kama kuna mtu umemkata kwenye maisha ya mtoto, mseme mwenyewe, usingoje fundi.

Jana aliniuliza kama baba yake alikuwa akicheka siku ile.

Nikamwambia angoje kidogo, uzee huu, nijaribu kukumbuka.

Nilikuwa nakumbuka vizuri sana, ila picha ikikamilika, kiti changu kitaondolewa.