Siku Mgeni Rasmi Alipokuja Kuuona Mtaro Wetu

Nitasema wazi: vikao vya watu wa mazingira hapa Maskati vinanitia kinyaa, na nimevihudhuria miaka. Vinafanyika kwenye hoteli za Al Khuwair, kiyoyozi kinakugandisha mifupa, na kila mmoja kaja peke yake na gari kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Mtu anasimama kulaani plastiki, mkononi ana chupa ya plastiki. Anakunywa funda moja, anaiacha mezani, anafungua nyingine. Halafu zinaanza kadi. Toa kadi, pokea kadi, "lazima tushirikiane, dada yangu," na kesho ukimpigia simu hakujui. Mie kazi yangu ni uhandisi wa maji machafu, pua yangu ishazoea mengi, lakini unafiki uliofukizwa udi bado unanishinda.

Nilikuwa nakwenda kwa shida yangu. Nyumba ya mama iko Bawshar, inapakana na wadi, bonde ambalo karibu mwaka mzima ni kavu, na mvua ikinyesha linashusha maji ya kutisha. Maji hayo hupita kwenye mtaro chini ya barabara, ubavuni mwa nyumba yetu. Huko juu kuna mikahawa na maduka, na kila wanachokitupa kinakuja kukwama mdomoni mwa mtaro: nepi, mifuko ya wali uliochacha, makopo, na siku moja mbuzi mzima, kafa, kavimba, macho yameliwa. Mvua ikija mtaro unaziba, maji yanageuka na kuingia kwa mama. Mara ya mwisho jirani alimkuta kaushikilia mlango wa jiko, na magoti yake yale mabovu, akampandisha juu ya meza. Nilichotaka ni wavu wa chuma huko juu wa kuzuia taka, na gari la kuja kuzizoa. Basi! Niliomba kila ofisi, nikawa kama nampigia mbuzi gitaa.

Siku moja mwenyekiti wa mtandao wetu wa mazingira, bibi mwenye sauti ya asali na kucha alizozipaka rangi ya kijani, akaniambia kuna bwana mkubwa serikalini, mwenye uwezo wa kuamuru wavu ule, kakubali kutembelea sehemu moja na wanachama. "Tumlete kwenu," akasema, "patatoa picha nzuri." Picha! Nilitamani kumtemea mate. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Nikamshukuru mpaka taya zikaniuma.

Mama nikamwambia mgeni mkubwa anakuja kuona taka. La taka likampita, la mgeni likamkaa.

Asubuhi ya siku yenyewe nafika, nakutana na harufu ya dawa ya chooni. Mtaro mweupe pe! Umezolewa, umefagiliwa, na kingo zake zimepakwa chokaa. Mama yuko mlangoni na chetezo, kavaa nguo yake ya Idi.

"Mama, taka ziko wapi?"

"Nshaziondosha. Jana nliwaita majirani, tukakodi vijana na pikapu. Nna haya mie! Ulitaka mgeni aje akute nepi?"

"Ndizo anazokuja kuziona!"

"Mgeni haonyeshwi uchafu, mwanangu. Nani kakulea wewe?"

Nikamuuliza vijana wamezitupa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta. Nikaenda. Astaghfirullah! Zilikuwa hapo zote, jua limezichemsha, nzi wamezifunika, maji meusi yanachuruzika. Nilitema mate mpaka koo likakauka. Hata hivyo nikapata tumaini, maana nilidhani nitamleta hapa hapa aone kwa macho yake. Mwenyekiti alipofika nikamweleza. Akakunja pua. "Kule? Hapana kivuli, na kanzu yake ni nyeupe. Tusimuudhi mtu, habibti."

Basi wakaja, msafara wa magari, hata moja halikuzimwa injini. Mgeni rasmi akasimama juu ya mtaro, akasema mashallah. Mama akawaingiza ndani, kahawa, haluwa, matunda yaliyokatwa yakajaa masinia. Siwezi kumlaumu yule bwana kwa adabu. Alimgeukia mama akamuuliza kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, kama anamwita mama yake mdogo: "Khala, mna shida yoyote hapa? Niambie."

Mama akaweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi, kheri tupu. Hatuna shida yoyote. Ongeza kahawa, mwanangu."

Nikaruka. Nikasema maji yanaingia humu, kwamba huyu huyu anayesema kheri alipandishwa juu ya meza ili asife maji. Mama akanikatiza kwa Kiswahili, huku anamtabasamia mgeni: "Nyamaza we! Mtu hajamaliza finjani, ushamletea msiba!" Bwana yule akacheka, akasema mwenye nyumba keshasema kheri. Watu wote wakacheka naye. Wakapiga picha zao, wakampa mama mche wa mti uliofungwa ndani ya plastiki, wakaondoka na kuacha chupa za maji zimejaa barazani. Nilizikusanya mwenyewe.

Baada ya muda mwenyekiti akanitumia ujumbe wa sauti. Wavu umepelekwa mtaa mwingine, wenye shida zaidi, lakini picha za kwetu zimependwa mno.

Mtaro haukukawia kujaa tena. Mvua ilipokuja nilikuwa kazini, na nilipofanikiwa kufika kwa mama maji yalikuwa yameshaingia, na kila kilichokuwa mtaroni kimeingia nayo. Nepi inaelea kando ya kochi alilokalia mgeni. Uvundo ule siusahau. Mama kasimama sebuleni, kaushika ukuta, baibui limerowa mpaka mapajani.

Nikatoa simu nimpige picha, nimpelekee yule bwana, safari hii aone.

Mama akaufunika uso wa simu kwa kiganja chake kilicholowa. "Usiwaonyeshe watu nyumba yangu hivi," akaniambia, na meno yanamgongana kwa baridi. "Nakuomba."