Maua Yasiyonuka ya Uani kwa Bibi

Sifa njema zote ni za Mola, aliyeiotesha ardhi, akatupa macho ya kuitazama na umri wa kuikumbuka.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akipunguza kichaka kifupi cha maua ya manjano kinachotambaa uani kwetu. Majani yalipokatwa, harufu yake kali ikanipiga puani, nami nikarudi utotoni, nyumbani kwa Bibi, Mji wa Kale.

Uani kwa Bibi palikuwa na mteremko. Kila masika mvua ilichukua udongo, hata msingi wa ukuta wa jikoni ukabaki wazi kama ufizi. Baba alisema masika mengine yakija vile, ukuta utalala. Bibi akaenda sokoni Marikiti, akarudi na vijiti kikapuni, akavichomeka mteremko mzima.

Vikatambaa, vikatoa maua madogo ya manjano. Shangazi Zuhura, aliyekuwa karibu kuolewa, akachuma moja, akalinusa, akalitupa.

"Mama, ua gani hili? Halina harufu hata ya kumdanganya nzi! Tuyang'oe tupande asumini, nipate vikuba vya kujipamba harusini."

"Asumini itanunuliwa. Haya sikuyapanda yavaliwe."

"Yatafanya nini basi?"

"Yatakaa."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Sisi watoto tulikuwa upande wake. Kwetu ua ni la kunusa, na haya yalituletea kazi tu: Bibi alitukataza kutawadha bombani. Kila sala tulibeba birika mpaka mteremkoni, maji ya udhu yakashukia mashinani.

Masika yakaja kwa kishindo. Asubuhi nzima tulikaa chumba cha mbele, sote tukiusikilizia ukuta. Mvua ilipopoa tukatoka. Maji yalikuwa yakipita kati ya majani, meupe, hayana tope. Ukuta ulisimama.

Shangazi, buibui amelikunja mkononi, aliutazama mteremko. "Yamekaa," akasema.

"Alhamdulillahi," akajibu Bibi. "Lete birika, adhuhuri imeingia."

Pilau ya harusi ilipikwa katika jiko lilelile.

Miaka mingi nilidhani Bibi alikuwa akibania maji tu. Nilipozeeka ndipo nikaelewa. Iko ibada inayonukia mtaa mzima, na iko nyingine inayojilaza chini, kimya, ikashika udongo wa nyumba. Bibi hakusifiwa na mtu kwa sala zake, lakini sote tulisimama juu ya sala hizo.

Nawe unayesoma, Mola akushikie msingi wa nyumba yako, na kila tone unalomwaga kwa ajili Yake lipate shina la kunywesha. Amin.