Hotuba ya Mlima, Arobaini ya Mjomba

Jumamosi, tarehe 11 Juni 1994, nilipoteza jina la mjomba wangu, na nililipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya karibu watu wote wanaonifahamu. Mpaka leo wapo watu wa Mkuyuni ambao wakiniona sokoni wanainamia nyanya kama wanachagua. Siwalaumu.

Mjomba Salumu ndiye aliyenilea. Alikuwa na shamba la ndizi na maharage huko juu kwenye mteremko, na kwetu Waluguru mtu wa namna hiyo akifa jina lake haliachwi: siku ya arobaini ukoo wa mama unamchagua mpwa mmoja, anapewa jina, shamba na nafasi ya marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye Salumu. Mpwa mkubwa nilikuwa mimi. Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi mjini kilikuwa kimeshatupunguza (ndiyo miaka ile ya viwanda kuuzwa, unafika asubuhi unakuta jina lako limebandikwa getini), nikawa kibarua wa kumwagilia miche kwenye chuo kimoja cha mazingira, kwa hiyo shamba lile ndilo lililokuwa tegemeo langu na watoto. Kilichobaki ilikuwa kusimama na kusema maneno machache juu ya marehemu. Mama mkubwa Zena, dada yake mjomba, aliniambia mapema, "Sema tu alivyokuwa, mwanangu. Usituchoshe."

Ningemsikiliza. Lakini nilishakaa na wasomi miaka miwili, nikaanza kuyaonea haya maneno yangu ya darasa la saba.

Wiki ile wanafunzi walikuwa na chemsha bongo (mito gani inatoka Uluguru, ua gani la misitu yetu linapandwa kwenye vyungu huko Ulaya, na mimi nikijibu kimoyomoyo na ndoo yangu mkononi) na baadaye shindano la hotuba, ambalo alishinda msichana wa mwaka wa pili kwa hotuba ya kuusifu mlima. Waliibandika kwenye ubao wa matangazo. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikalengwalengwa na machozi, maana alikuwa ni mjomba mtupu: amesimama kimya, kichwani wingu, kifuani inatoka mito, na watu wa Dar es Salaam wanakunywa maji yake bila kujua wamshukuru nani. Nikainakili kwenye daftari. Kila penye mlima nikaandika mjomba. Ukurasa wa pili niliunakili mbiombio kwa sababu msimamizi wa bustani alikuwa ananiita, na sikurudi kuusoma. Kosa ni hilo tu, na ni langu.

Siku yenyewe hitima ikasomwa, watu wakala pilau, nikasimama na koti langu la mitumba. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Akina mama barazani wakaanza kujifuta macho, na mzee mmoja wa ukoo akasema taratibu, "Kweli, kweli." Nikanogewa, nikapandisha sauti kama nilivyomsikia yule msichana, nikafungua ukurasa wa pili.

"Lakini leo Mjomba yu uchi. Ni nani aliyemvua nguo? Ni yule anayepanda na panga na kiberiti, anayekata miti alime maharage kwenye mteremko. Huyo ni mwizi wa maji ya watoto wetu."

Hapo lazima niseme ukweli: mimi nikisoma kwa sauti sisikii ninachosoma, nguvu zote zinaishia kwenye kutamka. Hakuna aliyekuwa pale asiyejua kwamba mjomba aliwahi kuwekwa ndani siku mbili na mabwana misitu kwa ajili ya hayo hayo maharage, yaliyonisomesha. Mimi nikaendelea. "Ni nani asiye na haya? Ni nani?"

Mzee Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akidai marehemu amekufa ili asimlipe kuku wake, akaweka sahani chini. "Subiri kwanza, mtani. Kumtukana marehemu ni kazi yangu mimi. Na mimi sijafika huko."

Wawili watatu wakacheka, mimi nikadhani ni utani wa kawaida, nikasoma mstari wa mwisho. "Nauliza tena, ni nani aliyemvua Mjomba nguo?"

Mama mkubwa Zena akajibu kutoka barazani, bila ukali, "Wewe, mwanangu."

Ndipo nikausoma ule ukurasa, kimya, nimesimama. Nilitaka kusema kwamba siku niliyopunguzwa kazini mjomba hakuniuliza kitu, alinipa jembe tukalima mpaka jua likazama. Nikafunga daftari.

Wazee wakaenda nyuma ya nyumba. Hawakukaa sana. Waliporudi wakamketisha mkekani Rajabu, mtoto wa mama mdogo, niliyemfundisha kuhesabu, wakamvika kofia, wakatangaza kwamba Salumu amerudi. Tangu hapo sijashika karatasi mbele za watu, hata ya harusi, na sitashika.

Watu wakapanga mstari kumsalimu, wakubwa kwa wadogo. Zamu yangu ikafika. Rajabu akatazama chini.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba," akaitikia.